Figo ya Ndugu: Hiari na Imani katika Uwanda wa Ufipa

Kutoa kiungo ni kuridhia, bila shuruti wala malipo, sehemu ya mwili itolewe ikamponye mwingine. Nchini Tanzania kiungo hicho hasa ni figo, na mtoaji huwa mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu wa mgonjwa. Upandikizaji ulianza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kisha Machi 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mgonjwa wa Sumbawanga, huko Ufipa, husafiri mbali, na ndugu yake pia.

Kwa upande wa dini, kizuizi hakipo. Ukatoliki uliingia Ufipa kutoka Karema, walikofika Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na Papa Yohane Paulo wa Pili alikusifu kutoa viungo katika waraka wake wa 1995. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Jeddah liliruhusu mwaka 1988, kwa sharti kwamba kiungo kisiuzwe. Dini zote mbili huamini ufufuo: hata aliyeliwa na simba atafufuliwa. Basi aliyetoa figo hawezi kupungukiwa.

Kizito ni hofu, nayo haitokani na ujinga. Enzi za ukoloni watu walisimuliana habari za mumiani wanaonyonya damu ya Waafrika. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, waliitwa banyama. Katika miaka ya karibuni watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ajili ya uganga, mkoa wa Rukwa, uliko Ufipa, ukiwemo. Kilichoporwa kwa panga na kinachotolewa kwa upendo vyote huitwa kiungo cha mtu. Mama anayeshtuka akilisikia neno hilo ana haki ya kushtuka.

Imani kwa tabibu, hata hivyo, iliwahi kujengwa kandokando ya uwanda huu. Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali ya leo aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na kusomea utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889. Alioa huko, akatibu huko, akafia huko mwaka 1956. Watu walimkabidhi miili yao kwa kuwa walijua anakolala.

Linabaki swali la hiari. Ukoo ukikaa kikao, mdogo asiye na sauti huweza kutajwa kabla hajaulizwa, na kumnyima ndugu figo ni aibu. Kwa hiyo mtoaji anapaswa kuhojiwa peke yake, mbali na baba na wajomba, akielezwa kwamba figo moja humtosha mtu mwenye afya, na kwamba anaweza kukataa hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji.