Upepo Lazima Upite

Anayekuja karakanani kwangu Singida kutaka mtambo wa upepo wa mapipa huuliza: kwa nini usivune upepo wote? Mjerumani Albert Betz alishalijibu swali hilo mwaka 1920: hakuna mtambo wa upepo utakaovuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nishati ya upepo huo. Ukiusimamisha upepo kabisa, unaofuata hukwepa pembeni.

Je, mpaka huo ni kasoro ya uumbaji? Waislamu tunaamini kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, na mimi hukiona kipimo hicho kwenye pipa. Nalipasua nusu mbili, nazipishanisha kama alivyobuni Savonius wa Ufini, na katikati naacha mwanya. Hewa hupenya humo kutoka nusu inayosukumwa, ikaisaidia ile inayorudi kukabili upepo. Fundi mchoyo huuziba, mtambo ukawa mzito.

Kuamini kipimo hakunipi ruhusa ya kubweteka. Mapipa yangu bado yako mbali na kikomo cha Betz, kwa hiyo beringi nitapaka grisi na mwanya nitaupima upya. Juhudi ni wajibu wangu. Kudai chote ni pupa, na mtaka yote hukosa yote.