Meza ya Puli na Meza ya Bwana



Liko swali linaloulizwa mara kwa mara katika sharika za bonde la Kilombero, na huko Sanje pia: Je, kijana Mkristo achezaye puli azuiliwe kuikaribia Meza ya Bwana? Wazee wengine husema, Naam, azuiliwe, maana meza ile husimama barazani pa kilabu cha pombe, na ashindwaye hulipa. Vijana nao hujibu: Tukicheza bila kulewa, kosa letu li wapi? Swali hili si dogo. Kumzuilia mtu Meza ya Bwana ni jambo zito, wala haifai kulitenda kwa kuchukia jambo tusilolijua. Basi na tulitazame kwanza.

Puli huchezwa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa, yenye mashimo 6. Mipira 15 hupangwa juu yake, na mpira mweupe ndio upigwao kwa fimbo ili uisukume hiyo mingine. Kila mchezaji ana mipira yake 7; akiisha kuitia yote mashimoni, ndipo auendee mweusi. Akiutia mweusi kabla ya wakati wake, ameshindwa, ijapokuwa alikuwa mbele sana. Akiutumbukiza mweupe, ni kosa, na mwenziwe hupata faida. Mchezo huu wataka jicho tulivu, mkono usiotetemeka, na akili ya kuliona pigo la tatu kabla ya kupiga la kwanza. Tena umekuwa mchezo wa mashindano, wenye chama, waamuzi na vikombe, hapa Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika.

Sifa yake mbaya, basi, imetoka wapi? Jina lake katika Kiingereza lilikuwa neno la fedha za dau zilizokusanywa pamoja. Huko Marekani katika karne ya 19, nyumba za kuchezea kamari ya mbio za farasi ziliitwa kwa neno hilo, na wenye nyumba wakaweka humo meza za mipira, ili wateja wapitishe wakati kati ya mbio na mbio. Farasi wakasahauliwa, jina likabaki mezani. Ndivyo mchezo ulivyochafuliwa na jirani yake. Na kwetu ni vivyo hivyo: meza imewekwa karibu na pombe, nasi twailaumu meza.

Walakini, ninyi vijana, msifurahi upesi. Mwasema kwamba puli si kamari, kwa kuwa kamari ni bahati, na puli ni ustadi. Neno hili ni kweli nusu. Katika kura watu wawili ni sawa mbele ya bahati. Hakuna ajuaye ni nani atakayepoteza. Lakini fundi wa puli, awekapo dau na mtu aliyeanza kujifunza juzi, ajua tangu mwanzo fedha zitakwenda wapi. Ustadi wake haumtakasi, bali wamzidishia hatia. Martin Luther, alipoieleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukoma katika kukataza wizi. Alifundisha tena kwamba yatupasa kumsaidia jirani, mali yake na riziki yake zipate kulindwa. Pale Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, watu hulima miwa na mpunga. Fedha ya miwa haiji kila siku, huja kwa msimu, na ile inayoingia mfukoni jioni moja ndiyo karo, dawa na chakula cha miezi mingi. Anayeitoa fedha hiyo mfukoni mwa mwenziwe kwa fimbo ya puli, amewanyang'anya na watoto ambao hawakuwapo mezani, wala hawakukubali kucheza.

Lakini je, aliyeshindwa akilipa ile sarafu ya meza tu? Hapo hakuna aliyetajirika. Mwenye meza amepata ujira wake, na wachezaji wamepata furaha yao. Twakiri kwamba jambo hili silo kamari yenyewe. Hata hivyo, tumeona kwamba ndilo kizingiti chake. Ashindwaye mara moja hutaka kukomboa, akishindwa tena hukasirika, na mara ya tano huwa amelipia furaha ya kijiji kizima, na nyumbani hakuna chumvi. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja alipe nusu kabla ya kuanza. Mkifanya hivyo, mtajua upesi ni nani aliyekuja kucheza, na ni nani aliyekuja kuwinda.

Liko na shtaka la uvivu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wachezao puli asubuhi, saa za kazi, na wengi waliona amesema kweli. Shamba lenye magugu haliwezi kumngojea mtu amalize mchezo. Lakini ninyi wazee, na mseme kweli: ile bao ichezwayo chini ya mwembe tangu saa nne hata adhuhuri, ni nani aliyewahi kuiletea mashtaka katika baraza la usharika? Saa iliyoibiwa ni saa iliyoibiwa, ziwe ni kete au mipira. Na saa ya kupumzika ni halali kwa mzee na kwa kijana pia.

Sasa twataka kulitaja jambo moja lililotufundisha. Kanuni ya mchezo husema kwamba mtu asiguse mpira wo wote kwa mkono wala kwa nguo. Katika mashindano yuko mwamuzi wa kuangalia. Barazani pa kijiji hayuko. Mkono wa shati ukiugusa mpira, mara nyingi hakuna ajuaye ila mwenye shati. Tumemwona kijana akiinuka, akasema, "Nimegusa," akampa mwenziwe nafasi, na mchezo ule akaupoteza. Hakuna aliyemshurutisha. Tukajiuliza moyoni: Sisi tuhesabuo sadaka, tupimao mpunga wa watu, tugawao mipaka ya mashamba, ni mara ngapi tumesema "Nimegusa," hali hakuna aliyeona?

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Wazee wasimzuilie mtu Meza ya Bwana kwa sababu ya kucheza tu. Wamwulize mambo matatu: Je, umechukua fedha ya mwenzako? Je, umeacha kazi iliyokupasa? Je, wa nyumbani mwako wamelala na njaa kwa ajili ya mchezo? Akiwa na hatia katika mojawapo, aonywe kama ndugu, arudishe alichochukua, wala asitupwe. Tena wazee na wajiulize maswali hayo hayo kabla ya kumwuliza yeye. Na vijana, msiwaruhusu watoto kucheza kwa fedha, wala msiionee haya sauti ile isemayo "Nimegusa." Maana yeye aikaribiaye Meza ya Bwana huanza kwa neno hilo hilo, naye hapokewi kwa kuwa hakukosa, bali kwa kuwa amekiri, na Bwana ni mwenye rehema.