Utafiti ni ushahidi, na ushahidi haufichwi

Ndugu msomaji, siku hizi ukikaa barazani Ngamiani au ukipanda gari la kwenda Muheza hutakosa kumsikia mtu akisema: "Utafiti umeonyesha." Akishatamka hayo ubishi huisha. Zamani neno lililokuwa likimaliza ubishi namna hiyo ni "daktari kasema". Sasa hata daktari mwenyewe anategemea utafiti, maana dawa anayoiandika na kiasi anachokiandika vimetokana na makala zilizochapishwa katika majarida ya tiba. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini, si tabibu. Lakini suala la nani asadikiwe, na kwa sharti gani, haliwahusu matabibu peke yao, na hapa kwetu mkoa wa Tanga tunao mfano ambao ilipasa ujulikane na kila mzazi.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali sita zilizoshiriki jaribio lililoitwa FEAST. Moja ilikuwa Kilifi, Kenya, na nne zilikuwa Uganda. Swali lao lilikuwa hili: mtoto anafikishwa hospitali ana homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri. Je, atundikiwe dripu ya maji mengi kwa haraka, au apewe maji ya kawaida polepole? Vitabu vya tiba vilikwishajibu zamani kwamba apewe haraka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya Ulaya na Marekani, na wengi waliamini kwamba watoto wa Afrika wangepona zaidi kama hospitali zao nazo zingefanya hivyo.

Watoto 3,141 wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, la pili likapewa kwa haraka maji ya chumvi, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Walikusudia kufikia watoto 3,600, lakini Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilishauri wasimamishe. Ndani ya saa 48, asilimia 10.6 ya watoto wa kundi la kwanza na asilimia 10.5 ya kundi la pili walikuwa wamefariki. Katika kundi la tatu, lile lililodhaniwa limenyimwa, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Yaani tiba iliyotarajiwa kuokoa ilikuwa ikiongeza vifo vya watoto watatu hivi katika kila 100.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji, ukiwa mahali pa hao watafiti. Fedha zimetolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Maji yenyewe yametolewa bure na kampuni ya Baxter. Wewe umewaambia wazazi na wakubwa wa hospitali kwamba unatafuta njia ya kuokoa watoto, na baadhi ya watoto wamefia mikononi mwako wakiwa katika makundi yale mawili. Wazazi wengine walikuwa wameombwa idhini ya mdomo tu mtoto alipoletwa mahututi, na ya maandishi ikafuata baadaye, kwa kibali cha kamati za maadili. Nani angekulaumu ukisema jaribio halikukamilika, makaratasi yakafungiwa kabatini? Hakuna mtu Muheza ambaye angekuja kuyadai.

Mei 2011 matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Aliyeongoza ni Kathryn Maitland, na miongoni mwa waandishi yumo George Mtove, daktari aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Muheza. Kampuni iliyotoa maji imetajwa ndani ya makala. Vifo vimehesabiwa kundi kwa kundi. Katika Surat An-Nisaa waumini wameamrishwa wasimamishe ushahidi wa haki japo ni juu ya nafsi zao wenyewe. Mimi nauona utafiti ule kuwa ni ushahidi wa namna hiyo. Lau ungefichwa, mtoto aliyeletwa wiki iliyofuata, Muheza au Mbale, angetundikiwa maji yale yale kwa nia njema.

Majirani zetu walionja upande wa pili. Mwaka 1990 Rais Moi wa Kenya aliutangazia ulimwengu kwamba taasisi ya utafiti ya nchi yake, KEMRI, imepata dawa ya ukimwi iitwayo Kemron. Makala ya Davy Koech na wenzake ilichapishwa mwaka huo huo, ikiwa na wagonjwa wachache wasiokuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Watu walisafiri na kuuza mali zao kwa matumaini. Majaribio makubwa yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida. Sisemi kwamba Koech alidanganya, na silijui la moyoni mwake. Nasema ushahidi ulipigiwa ngoma kabla haujapimwa, na aliyeupigia alikuwa mkuu wa nchi, kwa hiyo kuuhoji kukaonekana ni kukosa uzalendo.

Wanafunzi wangu wanaosoma elimu ya hadithi wanalijua neno tadlis. Mpokezi anaficha udhaifu wa sanadi yake, pengine kwa kumruka mtu aliyempokelea hasa, ili msikilizaji adhani mapokezi ni safi. Huenda maneno yenyewe ni ya kweli, na wanazuoni wakayatilia shaka vivyo hivyo. Majarida ya tiba yana tadlis yao. Kuna makala zilizoandikwa na watu walioajiriwa na makampuni ya dawa, kisha zikatiwa jina la profesa. Kuna majina ya wakubwa wa idara yanayopachikwa kwa heshima ilhali hawakugusa kazi. Na kuna kijana aliyezunguka vijijini akitoa damu za watu na kujaza madodoso, ambaye jina lake halionekani popote.

Kinyume chake nacho kipo, na kina asili ya mkoa huu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Walimu walimcheka. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam hakumcheka, alikwenda kulijaribu, na makala ilipotoka mwaka 1969 jina la Mpemba lilitangulia la Osborne. (Mwaka 2016 watafiti wengine walipinga kwamba jambo lenyewe hutokea, na mjadala unaendelea. Haki ya jina haitegemei ushindi wa hoja.)

Sanadi ikikatika hata jarida kubwa huanguka. Mei 2020, katika balaa la korona, The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuwa na taarifa za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita, zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake. Wanasayansi waliohoji waligusa mambo mengi, mojawapo likiwa Afrika: kwa makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani walitibiwa katika hospitali za kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kompyuta za hali ya juu. Hospitali zipi hizo? Kampuni haikukubali taarifa zake zikaguliwe, na Juni 4 makala ikaondolewa.

Wapo watakaosema kwamba kuyaanika mambo haya kunawatisha watu, kesho mama wa Pongwe atakataa mwanawe asiwekewe dripu. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake limo ndani ya makala yenyewe ya Muheza. Watafiti waliandika ni nani hawakuingizwa: watoto wa kuharisha na kutapika, wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia. Hao ushahidi ule hauwahusu, na mtoto aliyekaushwa na kuharisha bado anahitaji maji. Atakayesimama barazani akatangaza kwamba utafiti umeonyesha dripu inaua, naye atakuwa amekata maneno ya shahidi katikati.

Shirika la Afya Duniani lenyewe halikuharakisha. Mwongozo wake wa 2013 uliwafanya baadhi ya watafiti wa FEAST walalamike hadharani mwaka 2014 kwamba matokeo yao hayakuzingatiwa, na mwongozo mwingine ukatoka 2016. Ni miaka mitano tangu makala ichapishwe. Wazazi wa Muheza, ambao watoto wao ndio walioutoa ushahidi huo, wanastahili kusomewa makala ile kwa Kiswahili, pamoja na idadi za vifo vya kila kundi.