Mungu Anaponyamaza Mezani

Mtoto analetwa akiwa amepasuka fuvu. Tabibu anayemfanyia upasuaji ni Ishak, kipofu asiye na ulimi: mfalme aliamuru atobolewe macho na kukatwa ulimi kwa kosa la kumwona uchi mwanamke wa mfalme alipokuwa akimwokoa katika uzazi. Mtoto ni wa dini moja, tabibu ni wa dini nyingine inayodharauliwa. Malaika hashuki, nuru haiwaki. Vipo vidole vinavyopapasa mfupa na elimu ya miaka mingi. Mtoto anapona.

Kisa hicho kimo katika The Lions of Al-Rassan, riwaya ya Mkanada Guy Gavriel Kay iliyotoka mwaka 1995. Kingechezwa katika Dungeons & Dragons, kingekwisha kwa sala moja. Mchezo huo ulioasisiwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huwakutanisha marafiki mezani: kila mmoja huvaa uhusika, msimulizi huongoza kisa, dadu huamua mashaka. Miongoni mwa wahusika yumo kuhani ambaye akiomba, jeraha hufunga. Mwaka 1980 kitabu cha mchezo huo cha Deities & Demigods kiliwapa hata miungu alama za uhai, kama askari. Vishnu na Kali, wanaoabudiwa hadi leo na mamilioni ya Wahindu, walihesabiwa humo pamoja na Zeus.

Je, kuhani wa namna hiyo anaamini nini?

Yeye haamini, anajua. Waislamu husema kuamini ghaibu. Wakristo humkumbuka Tomaso, aliyetaka kwanza kugusa makovu. Mapokeo yote mawili yanaiweka imani pale ambapo mkono haujafika. Sala inayolipwa papo hapo kila mara haitofautiani sana na shilingi iliyowekwa juu ya meza ya duka.

Ndiyo maana riwaya ya Kay ni hazina kwa anayejenga ulimwengu wa mchezo. Chimbuko lake ni Hispania ya karne ya 11, baada ya Ukhalifa wa Córdoba kuvunjika mwaka 1031. Waislamu wamegeuzwa kuwa watu wa nyota, Wakristo watu wa jua, Wayahudi watu wa miezi miwili. Shujaa wake Rodrigo Belmonte amechongwa kutokana na Rodrigo Díaz, El Cid, Mkristo aliyewahi kumtumikia mtawala Mwislamu wa Zaragoza. Miezi miwili inaonekana angani, lakini mbingu hazimjibu yeyote, na kila mtu analazimika kuishi na dini yake bila uthibitisho.

Kubadili majina kuna adabu yake: mchezaji hasujudu kwa mzaha mbele ya Mungu ambaye jirani yake anamsujudia kweli. Kuna hasara pia. Jua, nyota na mwezi ni vitu mbalimbali, ilhali Waislamu, Wakristo na Wayahudi wa Hispania hiyo wote walimwomba Mungu wa Ibrahimu. Uchungu wa mgogoro wao ulikuwa wa ndugu wanaogombea urithi wa baba mmoja. Msimulizi akiiazima riwaya bila kuurudisha udugu huo, atabaki na makabila matatu yenye bendera tofauti.

Basi na aanze na mambo ya kila siku: nani hula na nani, kiapo cha nani hukubalika barazani, wafu huzikwa upande gani wa ukuta. Sala inayoponya aiondoe, tabibu amweke. Kisha amlete mtoto aliyepasuka fuvu. Dadu ikianguka vizuri, mtoto atafumbua macho. Mchezaji mmoja atasema ni mkono wa tabibu, wa pili ni dua ya mama, wa tatu ni bahati tu. Msimulizi, ambaye ulimwengu huo ni wake, asiwajibu. Awaache wafunge mizigo na waendelee kubishana njiani hadi mji unaofuata.