Kazi ya Kwanza ya Kuuza Simu na Amana ya Ulimi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, sisi wa mwaka wa mwisho tukitoka msikitini tunaulizana swali moja: baada ya shahada, kazi iko wapi? Tuliosoma dini tunadhaniwa tutafundisha madrasa tu. Lakini vuka Busia kutoka upande wa Kenya kwenda upande wa Uganda, au teremka Tororo mjini. Hukosi kumkuta kijana aliyevaa fulana ya kampuni, kasimama chini ya mwavuli, anasajili laini, anauza taa za sola au simu za kulipia kidogo kidogo. Mpaka huu ndio uliozaa bodaboda, vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu kutoka kizuizi hadi kizuizi. Kisha M-Pesa ikaanza Kenya mwaka 2007, MTN Uganda wakafuata na huduma yao mwaka 2009, na sasa hata muuza nyanya anahitaji simu ili alipwe. Kwa wengi wetu huo ndio mlango wa kwanza wa kazi za teknolojia. Mimi niliupita likizo iliyopita, na nasaha hii imetoka huko.

Kwanza, msiione kazi hii kuwa ya aibu. Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alipeleka Sham bidhaa za Bibi Khadija (R.A.), akifuatana na mtumishi wake Maysara. Mali haikuwa yake. Alikuwa akiuza kwa niaba ya mwenye mali na kupata ujira wake. Bibi Khadija hakumtafuta kwa ajili ya mtaji wake, maana hakuwa nao. Alichosikia ni ukweli wake na uaminifu wake.

Mtasema: sisi hatuna uzoefu, nani atatuajiri? Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi asiyejulikana na mtu. Akawanyweshea mifugo mabinti wawili, kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Someni Surat al-Qasas. Nabii Musa hakuja na wasifu mkononi, kazi yake ilionekana kabla hajaiomba. Katika kuuza simu, nguvu ni kuijua bidhaa. Kabla ya usaili nilikaa siku mbili kwa fundi simu wa Busia nikimuuliza maswali hadi akachoka nami: betri hufa kwa nini, kioo hubadilishwa kwa bei gani, ipi huingia maji upesi. Usaili wote ulihusu hayo. Jifunzeni pia kusalimia kwa Kisamia, kwa Kiteso, kwa Kijopadhola, na mjue bei ya shilingi zote mbili asubuhi hiyo, kwa sababu mteja wa mpakani anahesabu kwa Kenya na kulipa kwa Uganda.

Nguvu nilikuwa nayo. Sifa ya pili ndiyo iliyonishinda.

Siku ya mwisho ya mafunzo, msimamizi alituambia: "Mtajie mteja malipo ya kila siku. Jumla atajijulia mwenyewe." Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama anayeuza dagaa Tororo. Nilimwambia kianzio ni shilingi 80,000, kisha 2,000 kila siku kwa mwaka mmoja. Akafurahi, akaniombea dua njema. Usiku nikapiga hesabu. 2,000 mara siku 365 ni 730,000, na kianzio, jumla 810,000. Simu ileile dukani, kwa taslimu, ilikuwa 500,000. Sikuwa nimesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tuweke fikihi mahali pake. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu, madhali bei imekubaliwa kabla ya kuachana. Baraza la Fikihi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1990 liliamua hivyo, na likakataza kumwongezea deni aliyechelewa kulipa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa kazi, ulizeni: anayechelewa anatozwa faini? (Kuhusu kumfungia mtu simu akiwa mbali, nawaachia walimu wetu, mimi bado sijaridhika.) Basi kosa langu halikuwa ile 310,000 iliyozidi. Kosa ni kwamba sharti la bei kujulikana na pande zote mbili lilitimia kwangu tu.

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akamkana mwenye kughushi. Ile jumla ya 810,000 ilikuwa nafaka yangu iliyolowa. Wala asiseme mtu kwamba mama yule si Mwislamu. Watu wa Makka walioukataa ujumbe wa Mtume waliendelea kumwekesha amana zao, na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe.

Kesho yake nilirudi sokoni nikamwambia mama jumla. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani jana hukujua kuhesabu?"

Sikuwa na jibu. Aliirudisha simu, na baada ya wiki nzima ya mabishano ofisini akarudishiwa kianzio chake. Kamisheni yangu ikaondoka. Tangu hapo nikawa naanza na jumla. Sitawadanganya kwamba mauzo yalipanda: wengi walisikiliza, wakacheka, wakaenda zao, na mwisho wa likizo sikuongezewa mkataba. Waliobaki nao walijua wanachonunua, na mmoja wao aliniletea dada yake.

Juma lililopita nilifanya usaili kwenye duka jingine la simu, Busia. Waliponipa nafasi ya kuuliza, niliuliza kama jumla ya bei huandikwa kwenye karatasi ya mteja. Mwenye duka aliniangalia kwa muda, akasema watanipigia. Bado nasubiri. Niombeeni dua.

Wabillahi tawfiq.