Je, Kicheko Kina Deni?

Jumapili moja baada ya ibada tuliwakuta vijana wa kwaya chini ya mwembe, vichwa vimekutana juu ya simu moja, wanacheka mpaka machozi. "Shikamoo Mwalimu, njoo uone." Tukaona, nasi tukacheka. Kwa hiyo hatuandiki haya kama mtu aliyenuna. Kicheko ni kipawa cha Mungu, na Sara mkewe Ibrahimu alimzaa mwana ambaye jina lake lenyewe lina maana ya kucheka. Swali letu ni jingine: je, mwenye kucheka anadaiwa cho chote na yule aliyemchekesha?

Wengi hudhani kwamba video fupi za kuchekesha ni upepo tu, hupita na kusahaulika. Sivyo. Januari 2013 huko Marekani ilianzishwa programu ya simu iliyoitwa Vine. Video zake hazikuzidi sekunde 6, na kila moja ilijirudia yenyewe bila kukoma. Programu hiyo ilifungwa Januari 2017. Ilidumu miaka 4 tu, lakini mtindo wake wa kuchekesha kwa sekunde chache tunauona leo katika TikTok, na baadhi ya misemo iliyozaliwa humo ingali vinywani mwa watu.

Mwaka 2014 binti mmoja wa huko alijisifia nyusi zake zilivyotengenezwa vizuri, akasema ziko "on fleek". Maneno hayo yakaenea haraka; yakaingia katika nyimbo na katika matangazo ya makampuni makubwa. Mwaka uliofuata binti huyo alisema hadharani kwamba hajapata malipo yo yote.

Mtu aweza kutujibu: neno si ng'ombe, nikilichukua, mwenyewe bado analo. Ni kweli. Methali zetu hatujui nani alizitunga, na lugha haikui kama kila neno litafungiwa kabatini. Lakini methali tunazitumia sote kwa faida ya sote. Pale mmoja anapolima na mwingine akavuna na kuuza, hapo deni limekwisha kuzaliwa. Katika chuo cha ualimu tulimkemea mwanachuo aliyenakili kazi ya mwenzake bila kumtaja. Hatuoni kwa nini mzaha uwe na sheria nyingine.

Liko deni la pili, nalo ni zito zaidi: deni kwa mtu anayechekwa. Wazee wetu walilijua, ndiyo maana walikuwa na utani. Mzaramo na Mnyamwezi waliweza kuambiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ngumi. Lakini anayekutania leo atataniwa kesho, na siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayekuja kusaidia kazi za mazishi. Mchekaji alijulikana kwa jina, naye alikuwa na wajibu. Anayechekwa katika simu hana watani. Ana watazamaji tu, na watazamaji hawaji msibani.

Hapa yatupasa kuungama. Mwaka jana tulitumiwa video ya mzee aliyeteleza kwenye tope sokoni akiwa amebeba trei za mayai. Tulicheka, tukaipeleka kwa wenzetu wa jumuiya. Baada ya siku chache tukatambua kwamba mzee yule tunamfahamu. Tumewahi kumfundisha mwanawe. Tukaenda kwake kuomba radhi. Alitukaribisha chai, akasema, "Mwalimu, mimi nimekwisha kusamehe. Mayai yalikuwa ya mkopo, nimelipa. Lakini mjukuu wangu shuleni sasa wanamwita Mayai."

Tulirudi nyumbani kimya. Mzee aliteleza mara moja, akainuka. Katika simu anateleza kila siku, na jina limemwangukia mtoto ambaye hata sokoni hakuwapo. Ile ndiyo nguvu ya video hizi: hutunga maneno, na maneno hubaki baada ya kicheko kwisha.

Je, basi tuache kucheka? Hapana. Yuko kijana Khaby Lame, mzaliwa wa Senegali aliyekulia Italia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza, alipoteza kazi yake kiwandani. Akaanza kutengeneza video ambazo hasemi neno: anaonyesha mtu aliyefanya jambo jepesi kwa njia ngumu, kisha yeye analifanya kwa urahisi na kunyosha mikono. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote katika TikTok. Anachocheka hasa ni ule ujanja usio na kazi, ambao kila mmoja wetu anao.

Kabla ya kuituma video nyingine, tujiulize mambo mawili: mtu huyu akiingia sasa hivi mlangoni, tutaendelea kucheka mbele yake? Na akiwa na msiba, tutakwenda? Kama jibu ni hapana, kicheko hicho tumekikopa bila nia ya kulipa.

Sisi deni letu bado hatujalimaliza. Jumatatu tulikwenda shuleni kwa mjukuu yule, tukaomba ruhusa ya mwalimu wa darasa, tukawaeleza watoto ni nani aliyeisambaza video ile. Baadhi walitucheka. Tulistahili.