Hapana ya Nani?

Wanaojenga programu za kompyuta wana desturi moja ninayoiheshimu. Programu inapotoka kwa mwandishi wake ikiwa bado ni maandishi, haijui itajengwa juu ya mashine gani. Kwa hiyo hufuatana na skripti iitwayo configure, ambayo kazi yake ni kuihoji mashine kabla ujenzi haujaanza. Una faili hili? Unaijua kazi ile? Namba zako huchukua baiti ngapi? Maswali huweza kufika mamia, na majibu hupita mbele ya macho yako mstari kwa mstari: ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na Unix yake: SunOS, HP-UX, AIX, Ultrix. Kazi moja ilikuwa na majina mawili. Ile ya kutafuta herufi ndani ya maneno, waliofuata Berkeley waliiita index, waliofuata System V wakaiita strchr. Mwandishi aliuliza jina la mfumo, kisha akakisia tabia zake kutokana na jina hilo. Ukiwa wa ukoo huu, basi una hili na huna lile. Mfumo ukirekebishwa, au ukizuka mpya usio na ukoo, makisio yote yanaharibika. Mwaka 1991 David MacKenzie alianza kuandika Autoconf, chombo cha kutengenezea skripti hizo, na msimamo wake ulikuwa tofauti: usiiulize mashine inaitwa nani, ijaribu uone inaweza nini. Walikuwapo waliomtangulia katika njia hiyo, Larry Wall akiwa mmojawapo, lakini Autoconf ndiyo iliyoieneza. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la uadilifu kabla ya kuwa la ufundi. Hukumu ya ukoo ni rahisi, na mara nyingi hata hupatia. Ubaya wake ni kwamba haimpi anayehukumiwa nafasi ya kujieleza.

Hata hivyo, kujaribu nako kuna kasoro yake, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Skripti haiulizi kwa maneno. Huandika programu ndogo ya lugha ya C, yenye mistari michache tu, huipeleka kwa kompaila, kisha hutazama kama imekubaliwa. Ikikubaliwa, ndiyo. Ikikataliwa, hapana. Sheli yenyewe inajua kupambanua zaidi ya hapo: amri iliyofaulu hurudisha 0, na iliyoshindwa hurudisha namba nyingine, hadi 255, 127, kwa mfano, maana yake ni kwamba amri yenyewe haikupatikana. Kufaulu ni kwa njia moja, kushindwa ni kwa njia nyingi. Skripti huzipokea njia zote hizo na kuzikunja katika neno moja. Na neno hilo huandikwa kwa jina la mashine, hata pale aliyekosea ni muulizaji.

Yamkini msomaji ataona nakuza mambo. Basi atazame toleo la 14 la kompaila ya GCC, lililotoka mwaka 2024. Lilianza kukataa mazoea fulani ya C ya kale, ambayo matoleo ya awali yaliyaonya tu. Majaribio mengi ya skripti kongwe yalikuwa yameandikwa kwa mazoea hayohayo. Pasipo mtu kuyarekebisha, kompaila huyakataa, na skripti hutangaza bila kusita kwamba mashine haina kitu ambacho imekuwa nacho siku zote. Ujenzi unaendelea hadi mwisho. Programu inapatikana, ila pungufu, na mwenye nayo haambiwi.

Hapo namkumbuka mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akaulizwa kwa Kiingereza kwa nini msumari huzama na meli huelea. Anaacha nafasi wazi. Ripoti inasema hajui fizikia. Jaribio limekwama kwenye kompaila, halikuifikia akili yake.

Hayo hayana nia mbaya. Yapo ya kusudi. Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia, akakuta mlango wa uani katika xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, yenye maktaba ya kubana data inayotumika mahali pengi. Mlango huo ulipitishiwa katika hatua hii hii ya configure, na hilo limesemwa sana. Kilichonikaa mimi ni kidogo zaidi. Katika faili la CMake, chombo kingine cha kazi kama hiyo, mlikuwa na swali: je, mashine hii ina Landlock, kinga ya Linux inayoizuia programu isifike pasipoihusu? Ndani ya jaribio mtu alipachika nukta moja, peke yake kwenye mstari. C haikubali nukta mahali hapo. Basi kila mashine iliyohojiwa kwa swali lile iliandikiwa hapana, na kinga ikaachwa nje. Hakuna aliyeonekana kuiondoa kinga. Mashine zenyewe ndizo "zilizosema" hazina. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hiki kilikaa ndani ya swali.

Anayehoji, basi, ana wajibu gani kwa anayehojiwa? Naona Autoconf imelijibu nusu. Kabla ya maswali mengine huijaribu kwanza kompaila yenyewe, kwa programu isiyo na kitu, ijue kama inafanya kazi. Programu inapojengwa kwa ajili ya mashine isiyokuwapo, baadhi ya skripti huandika wazi kwamba hapana hii ni ya kukisia. Tena lipo faili la config.log, ambamo kila jaribio lililoshindwa huwekwa zima, pamoja na lalamiko la kompaila. CMake nayo ina kumbukumbu ya namna hiyo. Ile nukta ilikuwa humo, mahali pake, na sababu ya kukataliwa imeandikwa chini yake.